Jani la Kumi na Nane

Juni 4, 1990

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nadhani barua hii itakukuta kwenye kiti chako, mguu kwenye kanyagio la cherehani, redio ikiongea peke yake. Mimi sijambo. Nyumba ya mchungaji ina vyumba vitatu, viwili vinavuja, kwa hiyo nalala kwenye cha tatu pamoja na vitabu na meza ya chakula. Mwambie Baba nimekula, maana ndilo atakalouliza kwanza.

Jana ilikuwa Pentekoste. Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje, madirishani. Nguo nyekundu kwenye madhabahu, kwaya mbili, tarumbeta moja ya kuazima, na mimi, mchungaji wa miezi minne, nikahubiri hadi sauti ikakauka. Mzee wa kanisa hapa ni fundi saa. Watu humwita Mzee Dakika, kwa kuwa huyapima mahubiri kwa saa yake ya mfukoni na ukizidisha huigonga gonga kwa ukucha. Jana hakuitoa kabisa. Nilitamani nimkumbatie.

Sasa shida yangu. Leo asubuhi tumekunja ile nyekundu, tukafungua kasha tuandae nguo za Jumapili zijazo. Jumapili ijayo ni Utatu, nyeupe ipo. Lakini baada ya hapo madhabahu huvaa kijani mfululizo hadi mwisho wa Novemba, na ya kijani haimo. Mzee Dakika akanieleza kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi nusu ya mwaka, ikachanika, wakaifanya matambara ya kupangusia viti. Halafu mchungaji aliyenitangulia alishanionya kuwa baada ya Pentekoste watu huyeyuka. Unabaki na wazee wa kanisa na popo wa darini. Shangazi, naogopa. Jumapili ishirini na tano bila Krismasi wala Pasaka, na mimi mgeni. Nikiwapoteza mwaka wa kwanza sidhani kama nitawapata tena.

Wewe umeshona nguo za madhabahu ya nyumbani tangu sijazaliwa. Tushonee ya kijani. Meza ina urefu wa futi saba na nusu, upana futi mbili na nusu, na mbele nguo ishuke hadi inchi sita kutoka sakafuni.

Halafu mbona herufi za barua yako ya mwisho zilikuwa kubwa kama tangazo la mkutano wa hadhara? Uko salama?

Mtoto wako,
Mchungaji (bado nacheka nikiandika hivyo)


Juni 18

Mchungaji wangu,

Marahaba. Umenikisia vizuri, ila redio imekufa. Baba yako ameifungua aitengeneze na sasa vyuma vyake viko kwenye sinia, tunavipita kwa adabu kama maiti. Anakusalimu na kuuliza umekula nini, si kama umekula. Binamu yako mkubwa amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya mnada. Sote wazima.

Nguo nitashona. Sina haja hata ya kwenda dukani. Ndani ya sanduku langu la bati kuna kitambaa cha kijani, pamba nzito, nimekitunza miaka kumi nikingoja kazi ya kukistahili. Mwisho wa mwezi kitakuwa posta.

Herufi ni kubwa kwa sababu kalamu ni mbovu. Na kabla Baba yako hajakuandikia kwamba siendi kanisani tangu Krismasi, sababu ni goti. Goti langu na zile ngazi za kanisa hawasemezani. Macho yangu ni mazima. Sijui siku hizi watu wamepatwa na nini, kila anayepita mlangoni ananiuliza habari za macho.

Sasa hiyo hofu yako. Maishani nimeshona nguo nyeupe mbili, za zambarau mbili, nyekundu moja, na za kijani sita. Nyeupe inawekwa siku za shangwe, inakunjwa, inanukia sabuni mwaka mzima. Ya kijani ndiyo inayokaa na watu Jumapili zisizo na jambo: aliyegombana na mkewe njiani, aliyerudi kazini baada ya msiba, mtoto anayelala wakati wa zaburi. Ndiyo maana inachanika. Usiwatafutie watu wako tarumbeta nyingine. Wape kazi ya kufanya, utaona kama watayeyuka.

Shangazi yako


Julai 12
(haikutumwa)

Shangazi,

Kifurushi kimefika leo mchana. Mzee Dakika alikata kamba kwa kisu chake kidogo cha saa, tukakunjua pamoja. Vipimo havikukosea hata robo inchi. Mshono hauonekani. Ule mzabibu ulioudarizi kuzunguka pindo kwa uzi wa dhahabu hauna hata fundo moja nyuma. Ndiyo kazi bora kuliko zote ulizowahi kushona.

Na ni ya buluu.

Si kijani inayokaribia buluu. Ni buluu kabisa, ya sare za shule. Mzee Dakika aliitoa nje juani, akairudisha, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata juani ni buluu. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya madhabahu nikalia, kwa sababu nilielewa zile herufi kubwa, na goti, na kwa nini hukwenda kanisani. Si ngazi. Ni ule ubao wa namba za nyimbo. Wewe uliyekuwa unamsahihisha mwalimu wa kwaya mbele za watu, huwezi kuuona ubao, na huwezi kumwambia mtu.

Nikiituma barua hii utaisukuma cherehani uvunguni na hutaitoa tena. Nakujua. Kwa hiyo siitumi.


Julai 16

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu mwenye sauti ya mnada, huyo tumwandae kwa kwaya. Chumba cha pili kimeacha kuvuja, mvua imehamia cha tatu, nami nimehamia cha pili.

Nguo imefika na jana tuliitandika. Imekaa mezani kama imezaliwa pale. Mzabibu wako watu wameugusa hadi nikahofia wataumaliza. Hakuna aliyewahi kuona pindo la namna ile. Mungu akuzidishie mikono.

Nina haraka kidogo, nitaandika vizuri nikitulia.

Mtoto wako


Julai 29
(haikutumwa)

Shangazi,

Naandika hii ili nisipasuke. Jumapili mbili watu walinong'ona. Mzee Dakika, mtu ambaye saa ikichelewa nusu dakika hukosa usingizi, alinijia akasema buluu katika majira ya kijani ni sawa na saa inayogonga kumi na tatu. Akaomba tuiondoe, tubaki na meza tupu hadi tupate nyingine.

Basi wiki iliyopita, wakati wa matangazo, nilipiga moyo konde nikawaambia ukweli wote. Nikasema, "Nguo hii imeshonwa na shangazi yangu aliyenilea. Macho yake yamechoka na yeye hajui kama mimi najua. Siwezi kuirudisha, na siwezi kuificha." Nikaketi.

Baada ya ibada mama mmoja muuguzi alinifuata na gauni kuukuu la chumba cha upasuaji, lile la kijani, limepauka kwa kufuliwa. Akasema, "Mchungaji, mzabibu upo tayari. Tuutie majani."

Leo ameshona jani la kwanza. Kabla ya baraka alisimama akaeleza gauni lile limeona watoto wangapi wakizaliwa, na kanisa zima likapiga makofi. Jumapili ijayo ni zamu ya Mzee Dakika. Ametoa kile kitambaa cha kijani alichofungia saa za watu kwa miaka arobaini, na ameniomba dakika tatu za kueleza, akisisitiza ni tatu. Orodha imejaa hadi Novemba. Kuna dereva wa lori mwenye turubai, kuna mwalimu mwenye mwavuli uliovunjika, kuna familia iliyokuwa haijaonekana tangu Pasaka imerudi na kipande cha pazia. Wewe ulisema niwape kazi. Uliwapa wewe, Shangazi, na siwezi kukwambia.


Agosti 2

Mchungaji wangu,

Nimepokea barua yako fupi. Baba yako ameunganisha redio. Inapokea kituo kimoja tu na kituo chenyewe kinatangaza bei za mifugo. Mjukuu ana wiki nane na bado anatangaza mnada.

Umesifu pindo, umesifu mzabibu, umesifu na mikono. Rangi hukuitaja. Nimeisoma barua mara tatu nikitafuta rangi. Kwenye mwanga wa madirisha yenu imekaaje, imezidi kuwa nzito?

Utasikia pia kwamba niligombeza koti. Baba yako anautembeza uongo huo mtaa mzima. Ukweli ni kwamba nilidhani ni yule seremala jirani amesimama mlangoni bila salamu, nikamweleza kwa kirefu habari za adabu, na kumbe ni koti la Baba yako alilotundika pale. Lilikuwa limetundikwa vibaya na lilistahili.

Goti liko vilevile.

Shangazi yako


Agosti 20

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Koti nimelicheka mpaka mbavu zinauma, lisalimie. Huku ni Jumapili ya kumi na moja na kanisa limejaa kama Pentekoste. Popo wamelalamika na kuhama. Sababu nitakueleza siku tukionana.

Rangi, Shangazi, kila anayeingia kanisani ndiyo anayoiona kwanza.

Nina jambo la kichungaji, nataka ushauri wako. Kuna bibi mmoja hapa, fundi hodari, ana mtoto wa jicho, tena nadhani macho yote mawili. Anasingizia goti. Muuguzi wetu anasema upasuaji wenyewe hauchukui hata saa moja na watu hurudi nyumbani siku ya pili. Lakini bibi huyu ana kichwa kigumu, akiguswa atafunga mlango. Wewe ungemwambia nini?

Mtoto wako


Septemba 9

Mchungaji wangu,

Huyo bibi yenu namfahamu sana. Kwanza usimhubirie, anazijua hotuba zote. Na usimtumie muuguzi, atamkaribisha chai na kumwaga nusu yake kwenye sinia kwa kujifanya anaona kikombe.

Mwambie hivi. Mwambie unajua haogopi kisu. Anaogopa wakimkata isisaidie, maana leo bado anaweza kusema ni goti, na siku hiyo hatakuwa na goti la kusingizia. Kila asubuhi anafungua macho polepole akidhani labda leo ukungu umeondoka. Ameshatungiwa uzi na kila jirani, akidai sindano za siku hizi zimeharibika. Krismasi alikaa kanisani na kitabu cha nyimbo wazi, akaimba wimbo wa watu wengine kwa beti mbili, hadi mwenzake akamfunulia ukurasa taratibu bila kusema neno. Hilo la bila kusema ndilo lililomuuma.

Mwambie shangazi wa mchungaji amesema aende. Amesema pia kwamba ataandamana naye, wakae benchi moja, na atakayekimbia kwanza amlipie mwenzake nauli ya kurudi.

Baba yako ameshauliza hospitali. Nimemwambia asiguse redio hadi nirudi.

Shangazi yako


Oktoba 22

Wewe Mchungaji,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, hata zile ulizokuwa unanipaka nazo mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jicho la kulia wamelitengeneza siku kumi na mbili zilizopita. La pili ni Januari. Walipofungua bandeji nilimwona daktari, nikamwambia kola yake imegeuzwa upande. Baba yako alilia mbele za watu. Nimeona amezeeka, nikalia na mimi, tukasingizia dawa. Mjukuu nimemwona uso. Ni mzuri, ila mdomo ni mkubwa kama nilivyofikiri.

Kisha nikafika nyumbani, nikafungua sanduku la bati ili nijifurahishe na rangi zangu. Juu kabisa, kimekunjwa vizuri kama nilivyokiweka miaka kumi iliyopita, kitambaa cha kijani. Na kando yake pengo, palipokuwa na ile buluu niliyoachiwa nishone mapazia ya shule.

Nilikaa sakafuni. Miezi mitatu! Jumapili baada ya Jumapili madhabahu imevaa pazia la shule, watu wanaitazama, Mzee Dakika anaigonga saa yake, na wewe unaniandikia habari za pindo. Ndiyo maana mmejaa, watu wamekuja kuona kichekesho. Aibu imenipanda mpaka masikioni.

Iondoe leo hii. Nakuja mwenyewe kwa Jumapili ya mwisho na kitambaa cha kijani. Nitaishona hukohuko, ivaliwe hata siku moja tu kabla majira hayajafungwa, halafu hiyo buluu naichoma.

Shangazi yako


Novemba 5

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umemwambia daktari kuhusu kola! Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti kanisani na watu wamesimama wakapiga vigelegele. Sijui kama liturujia inaruhusu.

Hasira zako nimezipokea zote, nilizistahili. Njoo. Chumba cha tatu kimepakwa chokaa na hakivuji tena. Sitaondoa kitu, na wewe usiondoe kitu kabla hujaona. Kijani uje nacho. Uje na mkasi pia.

Mtoto wako


Novemba 29

Mwanangu,

Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja, dereva akalitengeneza kwa kulitukana. Baba yako hakuigusa redio kama alivyoahidi, ila amefungua saa ya ukutani.

Nilipanda basi bila kusema nilivyotaka kusema, kwa sababu pale stendi ningelia na nisingeweza kulaumu dawa. Acha niseme hapa.

Ile Jumamosi uliponizuia nisiingie kanisani hadi asubuhi, niliapa kwamba nitakapoingia nitakwenda moja kwa moja na kuivuta ile buluu mbele ya kila mtu. Nilikaa benchi ya mbele na kitambaa cha kijani mapajani, kama mtu aliyebeba kesi. Kisha pazia la mlangoni likafunguliwa, mwanga ukaingia, nikatazama.

Niliyahesabu kwa jicho moja. Kumi na saba. Nilitambua mishono yenyewe kabla ya vitambaa: huu wa mkono wa muuguzi, umekazwa kama wa kidonda, huu wa mtu aliyezoea kushika vitu vidogo, huyo Mzee Dakika, huu wa dereva, Mungu amsamehe, ametumia uzi wa kushonea turubai. Kuna jani la mwavuli, la jezi, la sweta ya mtoto aliyekua. Hakuna kijani kinachofanana na mwenzake. Na mzabibu wangu, ambao niliudarizi gizani kwa vidole, ulikuwa umevaa mwaka mzima wa watu. Buluu ilikuwa bado pale chini, ila sasa ilionekana kama nafasi ya kupumua. Hasira sikujua imekwenda wapi.

Kisha ukaniita mbele. Nikaona katikati, pale matawi yote yanapokutana, chaki imechora jani na ndani hakuna kitu. Ulisema sentensi moja tu. "Hili ni la aliyeanza."

Nilikata. Kitambaa cha miaka kumi, nikakikata katikati, pasipo kufikiri, mkasi ukipita ukasikika kanisa zima. Halafu sindano. Uzi ulikataa. Mzee Dakika akatoa ile saa yake ya mfukoni, nikajiambia haya, ananipima. Akaifunga kifuniko, akairudisha mfukoni, akanitazama kama mtu mwenye siku nzima. Mara ya pili uzi ukapita. Sikuombwa kusema kitambaa kimetoka wapi, lakini nilisema. Nilisema nilikuwa sioni, nilikuwa naona aibu, na goti langu halina kosa lolote.

Zile barua mbili ambazo hukuzituma, ulizonipa mkononi pale stendi, nimezisoma ndani ya basi. Mwenyewe. Kwa herufi zako ndogo kama za mchwa, bila kumpa jirani anisomee. Hukuwa mwongo, mwanangu. Ulinishikia taa nikiwa sijui ni giza.

Kitambaa kilichobaki nimeanza kukishona kwa madhabahu ya hapa nyumbani, kiwe tayari majira ya kijani yakirudi. Pale nilipokata jani pana tundu. Nilipata kipande cha ile buluu chini ya sanduku, nikakiweka nyuma yake. Jani moja la buluu kwenye nguo ya kijani. Mchungaji wa hapa amepita, ametazama, ameuliza kwa upole kama macho yangu yamepona kweli. Nimemwambia asubiri Juni, nitamweleza mbele ya watu wote, na sitahitaji zaidi ya dakika tatu.

Jumapili hii Majilio yanaanza. Nitapanda zile ngazi na kukaa mbele kabisa, nitazame ubao, na mwalimu wa kwaya akikosea namba atajua nimerudi.

Goti, sijui limepatwa na nini, limepona.

Shangazi yako